Kona kati ya mlango na dirisha, sebule ya mita 3 kwa 3.4: tuipe kazi gani?

kona_tupu
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa maseremala, mafundi ujenzi na yeyote mwenye uzoefu wa kupanga nyumba ndogo. Ukiingia mlango wa mbele, kona iko mkono wa kushoto, imebanwa kati ya mlango na dirisha. Kwa sasa ni makao ya ndala na fagio.

Vipimo: ukuta wa mlango, kutoka kona hadi fremu, ni sm 95. Mlango wenyewe ni sm 85, bawaba ziko upande wa kona, ukifunguliwa wote unalala ukutani. Ukuta wa dirisha una sm 60 za ukuta mtupu, kisha dirisha la sm 120 linaloanzia sm 90 kutoka sakafuni. Kuna soketi moja ukuta huo wa dirisha, sm 30 juu ya sakafu, na skatingi ya vigae ya sm 10 kuzunguka chumba chote. Rangi imevimba kidogo kwa chini, ukuta wa mlango.

Tunataka watu wawili wapate pa kukaa, viatu vipate pake, na mikeka na mablanketi yafichwe. Wazo la kwanza ni kutengenezesha kochi la herufi L kwa MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa). Mnashaurije?

timazi
Usimlipe seremala chochote kabla hujapima vitu vitatu: mlango, pembe na unyevu. Kona nyingi zinazoitwa mbaya zina sababu mojawapo kati ya hizi, na fanicha ikishawekwa juu ya sababu hiyo inaharibika nayo.

Mlango. Mlango wa sm 85 unafagia robo ya duara mbele yake, na wako unaendelea mpaka ukutani, kwa hiyo umeimeza kona yote. Ukiweka kitu chenye kina cha sm 52 kwenye ukuta wa dirisha, ncha ya mlango itakigonga ukifika kama nyuzi 120. Aliyekaa hapo atagongwa magoti. Dawa ni stopa ya kuuzuia mlango kwenye nyuzi 90 hadi 95. Stopa ikae karibu na ncha ya mlango, ndani ya theluthi ya mwisho. Watu wengi huifunga karibu na bawaba ili isionekane, kisha mlango ukisukumwa na upepo unageuka kuwa mtarimbo na kung'oa skrubu za bawaba kwenye fremu. Chagua stopa fupi ya mviringo isiyozidi sm 3, ili watu wasijikwae.

Njia nyingine ni kuhamishia bawaba upande wa pili. Inawezekana, ila kuna kuziba mashimo ya bawaba za zamani, kugeuza kitasa, na mara nyingi swichi ya taa iko upande wa kitasa, kwa hiyo itabaki nyuma ya mlango. Kwa kona hii stopa inatosha.

Pembe. Chora alama sm 60 kutoka kona kwenye ukuta mmoja na sm 80 kwenye ukuta wa pili, kimo kilekile. Pima kati ya alama hizo. Ikiwa sm 100 kamili, kona ni mraba. Ikizidi, kona imefunguka, na chini ya hapo imebana. Fanya hivyo chini, kisha rudia kwenye kimo cha mita moja, kwa sababu plasta hainyooki sawa juu na chini. Tuletee namba hizo.

Unyevu. Rangi iliyovimba kwa chini si jambo la kufunika na kabati. Kata nailoni ya sm 50 kwa 50, ibandike juu ya eneo hilo kwa selotepu pana pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba na unahitaji upepo tu.

seremala_wa_mtaa
Naunga mkono. Naongeza kuhusu hiyo L, maana ndiyo inayoombwa kila siku na ndiyo inayokula nafasi bure.

Mtu mmoja anahitaji sm 50 hadi 55 za upana kukaa bila kubanana. Kochi la L lenye kina cha sm 50 kwenye kona yako litaishia sm 85 ukuta wa mlango, ukiacha sm 10 za kitasa. Ondoa sm 50 za kona yenyewe ambazo tayari ni za mguu wa kwanza: mguu wa pili umebaki na sm 35. Hapo hakai mtu. Na anayekaa kwenye kona kabisa magoti yake yanagongana na ya jirani, kwa hiyo kona ya L inahesabiwa mtu mmoja hata ikiwa kubwa. Unalipa mbao na sponji za L, unapata viti vilevile vya benchi lililonyooka.

Fanya benchi moja lililonyooka ukuta wa dirisha, urefu sm 150, kina sm 50. Sm 60 za upande wa kona ziwe wazi kwa mbele, ziwe za viatu. Sm 90 zilizobaki ziwe sanduku la vifuniko, za mikeka na mablanketi. Juu ya kona, kwenye zile sm 60 za ukuta mtupu, panda na rafu ndogo nne. Zile sm 35 za ukuta wa mlango ziache tupu kabisa, ndipo mtu atakaposimama kuvua viatu. Hapo weka kulabu za mikoba tu, kimo cha sm 150, na moja ya sm 110 kwa watoto.

kona_tupu
Shukrani. Hilo la L sikuwa nimelipigia hesabu. Benchi liwe na kimo gani, na bodi moja itatosha?

seremala_wa_mtaa
Kimo cha kukalia kiwe sm 45 baada ya sponji kubonyea. Sponji ya inchi 4 ni sm 10, ukiikalia inabaki kama 8, kwa hiyo mbao ziishie sm 37. Watu husahau sponji, wanatengeneza sanduku la sm 45 kisha wanaongeza inchi 4, na miguu ya mgeni mfupi inaning'inia.

Bodi moja ya mm 18 (sm 122 kwa 244) inatosha kama mkataji atafuata mpangilio huu. Msumeno unakula mm 3 kila mkato, nimeshauhesabu.

Pasua kwanza vipande viwili kwa urefu: kimoja sm 50 kwa 150 cha juu, kingine sm 48 kwa 150 cha chini. Kando yake inabaki shuka ya sm 23 kwa 150. Hiyo inatoa rafu nne za sm 30 kwa 23 na kipande cha akiba. Kwenye mwisho wa bodi uliobaki, wenye kama sm 93, toa ubao wa mbele wa sanduku, sm 90 kwa 27, kisha vigawanyo vitatu vya kusimama (kimoja kila ncha, kimoja kati ya viatu na sanduku) vya sm 48 kwa 25.4, na rafu ya kati ya viatu, sm 56 kwa 40.

Hesabu ya kimo: miguu 8, bodi ya chini 1.8, kigawanyo 25.4, bodi ya juu 1.8. Jumla 37. Ndani ya sehemu ya viatu, rafu ya kati iweke uwazi wa sm 14 juu kwa raba na sm 9.5 chini kwa ndala na kandambili. Buti hazitaingia. Upana huo unabeba jozi mbili za wakubwa kwa raha kwa kila rafu, na ya tatu ya mtoto.

Miguu iwe sita, mitatu mbele na mitatu nyuma, kila jozi ikae chini ya kigawanyo chake. Mguu ukikaa katikati ya uwazi, bodi ya chini itapinda ndani ya mwaka.

Kifuniko: kikate vipande viwili vya sm 45 kwa 50, uvitoboe tundu la mm 30 la kuingiza kidole. Usiweke bawaba. Kifuniko chenye bawaba hapa kitaegemea pazia au ukuta, kitasimama wima bila kulala, na kitawaangukia watoto vidole. Kipande kimoja kina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, mtoto mkubwa anakinyanyua. Chini yake gundisha fito mbili za inchi 1 kwa 2 ili kisiteleze.

bi_deki
Samahani fundi, miguu ya sm 8 inafanya vumbi liingie chini. Si bora kabati likae sakafuni moja kwa moja?

seremala_wa_mtaa
Dada, hapana, na sababu ni deki. Maji ya deki yanapita chini ya ukingo wa bodi kila siku. MDF inayanywa kwa ukingo, inavimba kama mkate, na rangi inapasuka kutoka chini kwenda juu. Haikauki ikarudi kama ilivyokuwa. Sm 8 zinaruhusu kichwa cha fagio na mopu nyembamba, na mchwa akija unaiona njia yake ya udongo ikipanda mguu kabla hajafika kwenye bodi. Miguu ya plastiki yenye skrubu ya kupandisha na kushusha ndiyo bora, inasaidia pia kama vigae havina usawa.

Kwa kona yenye historia ya unyevu chagua plaiwudi, si MDF. Kama bajeti haifiki, tumia MDF lakini kila ukingo, hata usioonekana, upakwe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, usuguliwe msasa namba 180, upakwe tena, ndipo rangi ya mafuta. Kingo za chini ndizo za kwanza kuharibika na ndizo mafundi wengi wanaziruka.

Na fremu ikitengenezwa kwa mbao za dawa, zile za kijani za kupaulia, vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwasha moto. Dawa hiyo kwa kawaida ina aseniki, moshi wake ni sumu.

timazi
Mgongo wa benchi uache sm 2 kutoka ukutani. Unapata mambo mawili: skatingi yako inatokeza kama sm 1, bila nafasi hiyo benchi halitakaa sawa, na hewa inapita. Mgongoni funga plaiwudi ya mm 4 yenye matundu ya mm 25, sita kwa chini na sita kwa juu. Matundu ya chini peke yake hayatoshi. Hewa inaingia chini, inapanda, inatokea juu. Sanduku lisilopumua ndilo linaloyapa mablanketi harufu ya kuvunda msimu wa mvua.

waya_na_soketi
Jamani soketi! Iko sm 30 kutoka sakafuni, benchi lina sm 37. Imefunikwa.

Msikate tundu dogo mgongoni na kuchomeka ekstensheni ndani ya sanduku lenye mablanketi. Kichwa cha ekstensheni kilicholegea kinapata joto, na nguo ndiyo kuni. Mwite fundi umeme mwenye leseni aipandishe mpaka sm 60, iwe juu ya sponji na chini ya dirisha. Waya za ukutani kwa kawaida zinapita wima ndani ya bomba, kwa hiyo kama bomba linashuka kutoka darini kazi ni fupi: anatoboa kisanduku kipya kwenye njia ileile na kuziba cha chini. Kama bomba linapita sakafuni, atavuta kipande kupanda juu.

Na kwa sababu hiyohiyo, anayetoboa ukuta kwa ajili ya rafu asitoboe mahali palipo wima juu au chini ya soketi na swichi. Acha angalau sm 15 kila upande.

mwambao
Mnachokijenga ni baraza, wandugu, ila ya ndani. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina mabaraza yaliyojengwa pamoja na ukuta, na ndani kuna vidaka, yaani vishubaka vilivyoingia ndani ya ukuta, vilivyopangwa safu kwa safu vya kuwekea vyombo. Kidaka hakiombi sakafu hata sentimita moja. Kuta zile za matumbawe na chokaa ni nene, ndiyo maana ziliruhusu hayo.

Nasema haya kwa sababu kuna mafundi wanaokubali kuchimba kidaka kwenye ukuta wa tofali la inchi 5 au 6. Ukichimba sm 10 umebaki na ukuta wa gamba, na ukigusa nguzo au linta (boriti ya juu ya mlango na dirisha) umeharibu nyumba. Kwa nyumba za tofali la saruji, rafu za kona alizosema seremala ndizo kidaka chetu.

mpangaji_chumba
Sisi wapangaji tusioruhusiwa kutoboa tufanyeje? Na hapo wengine tunaweka TV. TV ya kona haifai?

timazi
Mpangaji: benchi lote linasimama lenyewe, hakuna kutoboa. Kinachobadilika ni rafu. Badala ya kuzifunga ukutani, mwombe seremala rafu ya kusimama, isizidi sm 120 kwa kimo ikiwa kuna watoto, vizito viwe chini. Miguu ya mbele ipandishe mm 5 zaidi ya ile ya nyuma ili iegemee kona.

TV: iliyoandikwa inchi 43 ina upana wa karibu sm 97. Ukiiweka mshazari kwenye kona, ncha zake zikigusa kuta mbili, kioo kinasimama kama sm 48 kutoka kwenye kona, na nyuma yake umefungia pembetatu ya vumbi na waya. Kwenye chumba cha mita 3 hiyo ni hasara kubwa. Ikae ukuta ulionyooka, usiotazamana na dirisha.

mshonaji
Nimekuja kwa ajili ya sponji. Omba sponji nzito ya kukalia, si mabaki ya godoro. Jaribio dukani: bonyeza kwa ngumi mpaka chini, achia. Ikirudi polepole au ikiacha shimo, itakufa ndani ya miezi michache. Inchi 2 usinunue kabisa, utakalia mbao.

Shona mito miwili ya sm 75 kwa 50, siyo mmoja wa sm 150. Mmoja mrefu hauingii kwenye beseni la kufulia na unalazimika kuuondoa wote ili kufungua sanduku. Kitambaa cha upana wa sm 140, mita 2 zinatosha mito yote miwili: vipande vinne vya sm 77 kwa 52, na kanda za pembeni za sm 12. Fua kitambaa kabla ya kukikata, hasa cha pamba, kwa sababu kitasinyaa baada ya kushonwa. Sponji ikatwe sm 1 zaidi ya kipimo cha foronya kila upande, ndiyo inayofanya mto ujae na kona zisimame.

Zipu iwekwe upande mrefu wa nyuma na izunguke sm 8 kila kona. Zipu inayoishia kwenye kona kamili inachanika siku ya kwanza unaporudisha sponji.

Na pazia: kwa benchi chini ya dirisha, pazia la kugusa sakafu litakaliwa na kuvutwa mpaka fimbo ing'oke. Likate liishie sm 15 chini ya dirisha. Itakuwa sm 75 kutoka sakafuni, juu kidogo ya soketi mpya.

kona_tupu
Nimepima. Sm 60 kwa 80 inanipa sm 102.5 chini, na 102 kwenye kimo cha mita moja. Nailoni baada ya siku mbili ina matone upande wa ukuta. Nje ya ukuta huo kuna bustani, udongo uko juu ya usawa wa sakafu ya ndani.

timazi
Basi umeujua ugonjwa. Anza nje. Ondoa udongo mpaka uwe angalau sm 15 chini ya sakafu ya ndani, mita moja kutoka ukutani, na uupe mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Bila hili kazi ya ndani ni bure.

Ndani, bandua plasta mpaka sm 30 juu ya alama ya unyevu. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi: isugue kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Acha ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, rudia jaribio la nailoni, ndipo upige plasta ya saruji moja kwa mchanga nne yenye dawa ya kuzuia maji. Usipake rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi. Maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma.

Kuhusu pembe: 102.5 ni kama nyuzi 93. Kona imefunguka. Maana yake benchi lililokatwa mraba, likikaa sawa na ukuta wa dirisha, litaacha mwanya ukuta wa mlango unaoanza na sifuri kwenye kona na kufika sm 2.6 kwa mbele, kwenye kina cha sm 50. Ingekuwa chini ya 100, benchi lisingefika kwenye kona, lingegota kwa mbele.

seremala_wa_mtaa
Hilo linatibika kwa bodi ya juu tu. Ile ya sm 150 ikatwe sm 153. Mwisho wa bodi utabaki na sm 90.7 na ubao wa mbele wa sm 90 bado unapita. Mwili wa benchi ubaki mraba. Kipande cha juu cha kona kiweke mahali pake kikiwa sawa na ukuta wa dirisha, kisukume mpaka kiguse ukuta wa mlango kwa nyuma. Pima mwanya wa mbele. Kata kibao kidogo chenye upana sawa na mwanya huo, kishike pamoja na penseli, ukiburute ukutani kutoka nyuma kwenda mbele. Penseli itaandika mkunjo wa ukuta wenyewe juu ya bodi, pamoja na vivimbe vya plasta. Kata kwa kufuata mstari, malizia kwa msasa. Usikate kwa rula, ukuta haujanyooka kama rula.

Fanya hivyohivyo kwa kila rafu, moja moja, kwa sababu kipimo chako cha juu kimetofautiana na cha chini. Kwa kina cha sm 23 mwanya ni kama sm 1 tu, lakini kwenye rafu ndogo unaonekana kuliko kwenye benchi.

Rafu zikae juu ya fito za inchi 1 kwa 2 zilizofungwa kuta zote mbili, ya sm 28 ukuta wa dirisha na ya sm 20 ukuta wa mlango. Ya kwanza iwe sm 40 juu ya mto, nyingine kila sm 30. Toboa kwa biti ya mm 8, skrubu ya mm 60 kwenye plagi ya plastiki (ile inayoingia tunduni kuishika skrubu). Tazama vumbi linalotoka: mwanzoni ni laini na jepesi, hiyo ni plasta, milimita 12 hadi 15. Kisha linakuwa la chengachenga, hapo umeingia kwenye tofali. Plagi isukume mpaka yote ipite plasta, maana iliyoshika plasta peke yake inang'oka na kipande chake. Tofali likiwa dhaifu na tundu linapanuka, zima mpigo wa drili, toboa kwa kuzungusha tu.

Fito za ukuta wa mlango zisubiri plasta mpya ikauke kabisa. Benchi unaweza kuliweka mapema, ila lisogeze sm 10 kutoka ukuta huo mpaka jaribio la nailoni litoke kavu.